Mama Asife Msimu Huu

Muuguzi alimwekea Dieu mikononi mfuko wa mpira wa kumpulizia mgonjwa hewa, akamwonyesha mara moja tu, kwa haraka, kwa sababu mgonjwa wa kukirithi kitanda kile alikuwa ameshafika, amelazwa kwenye machela nje ya mlango.

"Unabonyeza, unaachia. Kifua kikiinuka, ujue hewa imeingia. Usisinzie wala usipokee simu. Mkifika nyumbani mlazeni kitandani kwake, wanawe wote wakusanyike, ndipo uache."

"Nikiacha?"

"Dada, si daktari ameshakueleza?"

Alikuwa ameelezwa. Bi Luu, mama yake, alikuwa ameshajiendea. Kilichobaki ni joto la mwili na moyo mkaidi. Lakini kwao mtu mwenye kwake hafii hospitali. Hurudishwa angali anapumua, hata kama pumzi yenyewe ni ya kuazima, akate roho chini ya paa lake, mbele ya meza ya mababu. Anayekata roho njiani, maiti yake haivushwi kizingiti. Hulazwa nje kama mgeni asiyetakiwa, na roho yake hubaki barabarani ikiulizia njia. Bi Luu aliyasema hayo miaka nenda miaka rudi, akimenya vitunguu, akianika nguo, akigombana na kuku: "Mnifanyie mtakalo, ila msiniache nikafia kwa watu."

Kwa hiyo Dieu alibonyeza. Alipiga magoti nyuma ya gari la wagonjwa, akabonyeza na kuachia, huku mzee Thuan, dereva, akiilaani foleni.

Mji mzima ulikuwa umeshikwa na homa ya fataki. Msimu mpya wa mashindano ya kimataifa ya kurusha fataki ulikuwa unafunguliwa Jumamosi, na hapakuwa na mazungumzo mengine sokoni wala kwenye vibanda vya kahawa: Waitaliano watarusha zao kwa muziki gani, Wafini wameficha nini kwenye yale makontena yao. Bendera za mataifa zilikuwa zimefungwa kwenye kila nguzo. Kando ya mto Han mafundi walikuwa wakigongomea majukwaa. Nyumba za karibu na mto ziliamriwa kupakwa rangi kwenye kuta zinazoonekana. Zisizoonekana ziliachiwa ukungu wake.

Bi Luu hakuwahi kuzitazama fataki hizo. Kila mwaka, mlipuko wa kwanza ukisikika, aliingia chini ya kitanda na pamba masikioni. Masikio yake yalikuwa yamejifunza milio ile enzi za mabomu, na kuyafundisha upya kulimshinda. Majirani walimcheka. Kesho yake naye alicheka nao.

Gari lilisimama kwenye mdomo wa kichochoro chao. Kizuizi cha chuma kilikuwa kimewekwa asubuhi ile, kimepambwa maua ya plastiki, na mgambo aliyekisimamia hakutaka hata kuwatazama. Alimwita mwenyekiti wa mtaa.

Khue alikuja akitabasamu, shati jeupe limenyooshwa, kitambulisho cha mashindano kikining'inia kifuani. Utotoni alikuwa mlaji wa kila siku wa tambi za Bi Luu.

"Dada Dieu! Bibi anaendeleaje?"

"Anakufa, mwenyekiti. Tufungulie."

"Pole. Pole sana, dada yangu." Alichungulia ndani ya gari, akaurudisha uso haraka. "Lakini mimi si niliongea na kaka yako Quyen? Wageni wa kamati wanapita sasa hivi kukagua njia ya watazamaji. Sasa wakikuta mambo kama haya..."

"Watajua huku nako watu huumwa."

"Dada, huu si wakati wa utani. Bibi akifia humo ndani, kesho mnafunga turubai kichochoroni. Ngoma, tarumbeta, vilio, siku tatu nzima. Na kichochoro hiki ndicho njia ya kwenda jukwaa la waheshimiwa! Agizo limetoka juu, si langu: mitaa ya mbele hakuna msiba mpaka fainali."

"Fainali lini?"

"Mwezi ujao."

Mzee Thuan alicheka kwa pua. "Kifo nacho mmekipelekea taarifa, mwenyekiti?"

"Wewe mzee, hapa ulipoegesha haparuhusiwi. Nikuandikie?"

Mzee Thuan akatazama usukani.

"Mpelekeni kwa shangazi yenu, shamba," Khue alisema kwa upole, kama anayemshauri mtu nguo ya kuvaa. "Kule kuna hewa nzuri."

"Hafiki. Mikono yangu yenyewe haifiki."

"Basi mrudisheni hospitali."

"Kitanda kina mtu."

"Dada, jamani. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Msimu huu unatulisha sote."

Meza ya tambi ya Dieu ilikuwa imeondolewa kando ya barabara wiki iliyopita, mji upendeze, ili msimu upate kumlisha vizuri. Hakulisema hilo. Alikuwa akihofia kwamba akikasirika atabonyeza vibaya.

Quyen, kaka yake, alitokea upande wa pili wa kizuizi, akasimama hapo hapo kama mtu asiye na ruhusa ya kusogea.

"Kaka, mwambie huyu! Wewe ndiye mkubwa wa nyumba."

"Anasema tusubiri kidogo tu, Dieu."

"Mama hana hicho kidogo."

"Nimeshalipangisha paa. Familia tatu, zinatoka Hanoi." Aliishusha sauti. "Nani atakaa juu kutazama fataki, chini kuna jeneza? Ile pesa ndiyo ya kumzikia mama mwenyewe."

"Na akikata roho hapa barabarani?"

Quyen alijikuna shingo. "Mila unaijua. Hataingia."

"Mila wewe ndiye uijuaye sana, kaka."

Wageni walitokea upande wa mto: wanaume wawili warefu wenye kofia na mwanamke mkalimani, nyuma yao watu wa kamati wenye miavuli. Mmoja wa wale warefu alisimama, akalinyooshea gari kidole na kuuliza jambo. Dieu aliinua uso. Alitamani kupiga kelele, lakini hakujua apige kwa lugha gani, na mikono ilikuwa na kazi.

Khue hakubabaika hata kidogo.

"Gari la huduma ya kwanza," alimwambia mkalimani. "Usalama wa watazamaji wetu kwanza. Hapo wanafanya mazoezi."

Mkalimani alitafsiri. Yule mgeni alitikisa kichwa kwa kuridhika, akamwinulia Dieu kidole gumba, na msafara ukaenda zake. Dieu aliendelea kubonyeza. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na hakuelewa kwa nini aione yeye.

Msafara ulipopinda kona, kizuizi kiliondolewa. Khue mwenyewe alisaidia kubeba machela. Walivuka kizingiti, wakamlaza Bi Luu kitandani kwake, mbele ya picha ya marehemu mumewe. Quyen akawasha ubani.

Mzee Thuan alimgusa Bi Luu unyayo. Akagusa na mkono, kisha shingo, akakawia hapo.

"Binti," alisema. "Mama huyu, nadhani tangu tuko pale nje..."

"Kifua kinainuka."

"Kinainuka kwa sababu unabonyeza."

"Kinainuka," Dieu alisema.

Dereva alivaa kandambili zake na kuondoka bila kudai chochote. Watoto wote wawili wa Bi Luu walikuwa wamekusanyika. Kwa maelezo ya muuguzi, saa ya kuacha ilikuwa imefika. Dieu alimtazama kaka yake. Quyen alimtazama Khue.

Khue alikuwa amevua viatu mlangoni kama inavyotakiwa. Aliinama mara tatu mbele ya meza ya mababu, kwa heshima zote, kisha akachutama kando ya kitanda.

"Tuelewane kama ndugu," alisema. "Mimi nimeingia humu, nimemwona bibi anaumwa. Mgonjwa hana kosa, mgonjwa tunamruhusu. Nyinyi mtatangaza Jumapili, ufunguzi ukishapita. Bila turubai, bila ngoma. Mimi mwenyewe nitaleta maua."

"Leo Alhamisi, mwenyekiti."

"Ndiyo maana nasema, dada. Endelea kidogo."

Vidole vya Dieu vilikuwa vimekakamaa, na kiwiko kilitetemeka chenyewe. "Kaka, nipokee," alisema. Quyen aliinyoosha mikono, akaugusa mfuko, na simu yake ikalia. Alitoka nayo mlangoni. "Ndiyo, ndiyo, karibuni sana," walimsikia akisema. "Hapana, hakuna usumbufu wowote. Nyumba ni tulivu kabisa."

Machozi yalimtoka Dieu, yakadondokea shuka. Khue alitoa kitambaa mfukoni, akamfuta shavu taratibu, kwa kuwa mikono ya Dieu haikuwa na nafasi.

"Usilie, dada," alisema. "Mgonjwa haliliwi."

Dieu akabonyeza. Kifua cha mama yake kikainuka.