Vyungu Vinne vya Baki

Enzi za Mdachi, rupia ilipokuwa ngeni kuliko simba, mnyapara wa wapagazi aitwaye Lameck alipita Matema akanunua chungu cha Tusekile. Desturi ilikuwa nyepesi: mnunuzi hukijaza chungu mpunga, mpunga humbakia mfinyanzi, chungu kikaenda zake. Lameck hakuwa na mpunga. Alitoa rupia nzima, ya kutosha vyungu vitano, akasema, "Iliyobaki kaa nayo, mama," akaondoka kabla Tusekile hajanyoosha mgongo.

Aliyemnyima usingizi ni jirani yake Veronika. Alimwambia mwanamume haachi mali kwenye nyumba yenye binti kwa bahati mbaya. Hiyo ni posa. Ipo siku atarudi kudai, na hatadai vyungu. Tusekile akamtazama binti yake Anyisile, aliyekwisha kuchumbiwa na kijana wa Ikombe, akaguna. Magoti yalikuwa yanamuuma tangu masika. Hata hivyo akafunga vyungu vinne kwenye wavu, akajitwika, akaufuata msafara.

Wapo wanaoapa vilikuwa kumi na viwili, na kwamba kiboko wa Mto Lufilyo alisogea kumpisha. Tuseme vinne, na kiboko tumwachie mto wake.

Alimkuta Lameck huko Ipinda, ameketi katikati ya mizigo ya Wazungu, nyayo zimempasuka. Akavishusha vyungu mbele ya wapagazi wote, akatangaza kwamba mali yake ndiyo hii, na binti hayumo.

Wapagazi walicheka hadi mmoja akalala chali. Lameck hakucheka.

"Binti gani, mama? Nilichoka tu. Kungoja uhesabu, kisha nibebe vyungu vyote hivyo, ningefia palepale."

"Mtu akichoka ndiyo anaacha mali?"

"Akichoka sawasawa, anaacha."

"Basi chukua, tuachane."

Alivipokea, maana aliona mama huyu haondoki. Tusekile akarudi kwao shingo nyepesi, akijiambia yamekwisha.

Jumapili haijafika, Asajile, mkulima wa Ipinda, akatokea Matema na wavu kichwani. Msafara ulipoondoka, alivikuta vyungu vimepangwa kando ya njia, akaitambua michoro ya Tusekile, akasema mama wa watu kavisahau. Lufilyo ameuvuka navyo, maji kifuani.

Tusekile akavitazama kama mtu anayetazama jua likichomoza kabla hajalala. Veronika alikuwa ameshatoa kichwa mlangoni. Kueleza kungewezekana, ila maelezo yalikuwa marefu kuliko njia ya Ipinda, na magoti yale yale ndiyo yangesimama kuyatoa.

"Ndaga, tata," akamshukuru. "Kaa navyo. Vyote."

Asajile akasita, akakuna shingo. Kisha akauliza, kwa adabu zote, kama mle ndani kuna kijana wa kuoa, kwa maana yeye nyumbani ana binti.

Tusekile akakaa chini, palepale kwenye udongo wake.