Redio Mbili, Meza Moja

Mume wangu Philemon ni fundi wa redio pale Garsen, na mwanamke yeyote aliyewahi kuolewa na fundi wa redio hahitaji maelezo zaidi. Chini ya kitanda changu kulikuwa na redio. Juu ya kabati la vyombo, redio. Watu walimletea zile kubwa za zamani zenye sanduku la mbao, halafu wakienda Malindi wakarudi na viredio vya kaseti vinavyong'aa, hawakumbuki tena kuja kuchukua walichoacha. Fundi mwingine angeziuza. Huyu wangu alizifungua, akaunga nyaya zilizokatika kwa ule msumari wake anaoupasha moto kwenye jiko langu la makaa, akazipangusa vumbi, akazigawa bure. Alimpa mlinzi wa shule, akampa kipofu mmoja wa kijiji cha Wema, akampa hata mtu aliyekuwa akipita tu kuuliza njia.

Nilimwambia wazi kwamba nimeolewa na mwendawazimu. Akacheka. Alisema kitu kinachoweza kusema hakifai kukaa kimya chini ya kitanda.

Redio iliyoniuma zaidi ni aliyompa Mama Hamdi. Jina lake Abdia, Muorma, ndiye aliyekuwa akituletea maziwa asubuhi. Kila akifika alisimama mlangoni na kibuyu chake akisikiliza kile ambacho Philemon alikuwa akijaribu mezani. Siku moja Philemon akanyanyua redio moja nzuri, yenye masafa mafupi, ambayo mimi mwenyewe nilishaitazamia kwa ajili ya nyumba yetu, akamkabidhi. Mama wa watu akaifunga mgongoni kwa leso kama anayebeba mtoto, akaenda zake. Nilinuna mpaka chai ikapoa, na kesho yake maziwa nikayapokea bila kumwangalia usoni.

Ndipo ikaja mvua ya mwisho wa mwaka wa tisini na saba, ile watu waliyoiita Elinino. Mto Tana uliacha njia yake ukaja kutafuta watu. Barabara ya Malindi ilikatika, ya Hola ikakatika, nguzo za simu zikalala majini. Kibanda cha Philemon sokoni kiliingia maji mpaka juu ya meza, na redio zote zilizokuwamo zikafa. Nyumba yetu iko mahali palipoinuka kidogo, kwa hiyo tulibaki kwenye pakavu, sisi na nzi na wageni kutoka mashambani. Waorma waliosalimika na mifugo kidogo walijenga vibanda vyao vya nyasi na mabati upande wa pili wa uwanja, Mama Hamdi akiwa mmoja wao.

Mwanangu Zachary, mtoto wetu wa pekee, alikuwa akihamisha gunia la mahindi alipoumwa na nyoka juu kidogo ya kifundo cha mguu. Maji yalipopanda, nyoka nao walitafuta pakavu kama sisi. Mguu ulivimba mpaka ngozi ikang'aa. Wakati huohuo Hamdi, binti wa Abdia, alikuwa na mimba kubwa ya kwanza, amevimba uso na miguu, anasema macho hayaoni sawasawa. Mumewe alikuwa mbali na ng'ombe na hakuna aliyejua wapi. Mashua ya mpira ya watu wa msaada ikaja, ikawachukua wote wawili kuwapeleka hospitali ya misheni, huko mto unakoteremkia. Walichukua wagonjwa tu. Nilishika ukingo wa ile mashua nikiwa ndani ya maji kiunoni, mpaka kijana wa injini akanibandua vidole kimoja kimoja, kwa upole, akiniambia pole mama. Abdia alikuwa kando yangu. Hakushika chochote, alikuwa amefumba macho anaomba.

Baada ya hapo hatukujua lolote. Watu wa msaada wenye redio ya kusikia na kujibu walikuwa na mambo yao makubwa, chakula cha kuletwa na ndege na maiti wa kuokota, na mtu wa kawaida hakuruhusiwa kuwasogelea. Philemon hakulala. Alijua kwamba kila asubuhi hospitali ile huzungumza na Malindi kwa redio, kuomba dawa na kutoa habari za wagonjwa. Akachukua redio yake ya nyumbani, ile moja iliyobaki baada ya kugawa zile za chini ya kitanda, akatundika waya mrefu mpaka kwenye mti wa mkwaju wa jirani, akaanza kuitafuta kwenye masafa mafupi. Akaipata. Ila ilikuwa sauti ya mtu anayezungumza akiwa na ugali wa moto mdomoni. Hakuna neno lililoshikika.

"Ndivyo redio zao zilivyo," akaniambia. "Zinahitaji kusikilizwa na redio za namna yao. Lakini nikipata redio ya pili yenye masafa mafupi, nikaiweka ubavuni mwa hii na kuizungusha polepole, zitasaidiana. Niliwahi kuona zikifanya hivyo kibandani."

"Na ya pili iko wapi?"

Sote wawili tulijua iko wapi.

Nilikwenda mwenyewe. Nilifikiri nitaiomba na kuondoka nayo, nami nilikuwa nimejiandaa kugombana. Abdia alinisikiliza mpaka mwisho. Kiswahili chake ni cha sokoni, lakini alinielewa vizuri kuliko nilivyotaka.

"Redio mimi hapana rudisha," alisema. "Mzee alinipa. Lakini mtoto yangu iko huko pamoja na mtoto yako. Redio nakuja na mimi."

Basi akawa anakuja. Kila asubuhi alivuka uwanja, maji magotini, redio ameiweka kichwani ndani ya karatasi ya nailoni. Ilikuwa Ramadhani, kwa hiyo hata chai sikuweza kumpa. Philemon alipasha mawe ya redio, zile betri, kando ya jiko ili yapate nguvu kidogo, maana jua halikuwapo na duka halikuwapo, kisha akaziweka zile redio mbili zikigusana. Ya kwetu ilishika ile sauti ya ugali. Ya Abdia haikusema kitu, lakini Philemon alipozungusha kitufe chake, kidogo, kidogo zaidi, filimbi ikapita na ghafla dada wa hospitali akawa yuko mezani kwangu, anazungumza kama mimi na wewe. Ukiisogeza ya Abdia upana wa kiganja tu, dada anarudi kwenye ugali wake.

Nilimshika Philemon bega. Sikuwahi kumsifu kwa kazi yake hata mara moja.

Dada alisema haraka, Kiswahili na Kiingereza vimechanganyika. Abdia alishika maneno machache tu, akawa ananitazama mdomo. Mimi nikawa mkalimani. Nilimwambia: Hamdi anapewa sindano, presha iko juu. Zachary ana homa, mguu umeanza kuoza. Yeye alikuwa akiniuliza, "Mtoto yako anakula?" nami namuuliza kama Hamdi alikuwa mtu wa kuvumilia maumivu, naye anasema ndiyo, tangu mdogo. Tulikaa hivyo, magoti yetu yakigusana chini ya ile meza ndogo. Kwa miaka yote ya maziwa sikuwahi kumuuliza ana watoto wangapi. Nikajua sasa kwamba alibaki na huyo mmoja.

Kisha ikaja ile asubuhi ya helikopta. Malindi walisema wataituma mchana, ikipita kugawa unga, na ina nafasi ya mgonjwa mmoja wa kulala. Mmoja tu. Dada akasema ngoja nimuulize daktari. Tukasikia mlio mtupu. Philemon hakuthubutu kugusa kitu. Mimi niliomba, na sitajifanya kwamba niliomba kwa ajili ya wote. Niliomba jina moja.

Dada akarudi. "Daktari anasema tuwape yule kijana wa Garsen, wa nyoka. Yule mama mjamzito hawezi kuhimili ndege, anaweza kupata kifafa angani. Tutajaribu kumzalisha hapa hapa. Ova."

Furaha ilinipanda mpaka nikaona giza. Nilikuwa na leso begani, nikaing'ata.

"Yeye nasema nini?" Abdia akauliza.

Philemon aliinamisha kichwa juu ya redio kama anayetafuta skrubu. Wanaume hujua sana kutafuta skrubu saa kama hizo. Nikamwambia mimi, maneno yote, moja baada ya lingine, kwamba ndege ni ya mmoja na ni Zachary anayekwenda. Nilimwambia pia habari ya kifafa, nikairudia mara mbili, kama vile kuirudia kungesaidia.

"Daktari ndiyo anajua," alisema. Akaifunga redio yake, akaiweka kichwani.

Asubuhi iliyofuata alikuja mapema kuliko sisi tulivyoamka. Dada wa hospitali alianza na hesabu ya dawa, kisha akasema kwa sauti ileile ya dawa kwamba Hamdi wa Garsen amefariki alfajiri, na mtoto pia, na kwamba familia ijulishwe ikiwezekana. Habari ya Zachary haikuwamo, kwa sababu sasa alikuwa Malindi, na Malindi walisema watatoa taarifa ya wagonjwa wao kesho.

Abdia alikuwa amelisikia jina. Alinitazama mdomo, na mdomo wangu ukakataa. Nikamshika mkono, nikatikisa kichwa.

"Na mtoto?"

"Na mtoto."

Akasema maneno ya Mungu yanayosemwa, polepole, mpaka mwisho. Hakulia kwetu. Philemon alimbebea redio mpaka kwenye vibanda, akarudi akakaa nje kwenye mvua, na nilipomwita aingie hakuinuka.

Kesho yake Abdia hakuja. Nani angekuja? Muda wa mazungumzo ulifika, Philemon akafungua redio yetu, na Malindi wakaanza kusema. Walisema sana siku hiyo. Tulisikia ugali wa moto kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na ndani ya ule ugali mlikuwa na mwanangu, yu hai au amekufa, na hatukuweza kumtoa. Philemon alijaribu redio zilizolowa, moja baada ya nyingine. Hakuna hata moja iliyoamka.

Saa moja baadaye, kama ilivyo kawaida yao, wangerudia taarifa mara ya mwisho kwa siku hiyo. Nilijifunga leso nikavuka uwanja.

Wanawake wa Kiorma walikuwa wamekaa na Abdia ndani ya kibanda. Nilitoa pole zangu, nikakaa chini pamoja nao. Nililia, na machozi yalikuwa ya kweli, Hamdi nilimjua tangu akiwa anafuata kibuyu cha mamake. Lakini redio ilikuwa palepale nyuma ya Abdia, kwenye karatasi yake ya nailoni, na macho yangu yalikwenda huko, nikayarudisha, yakaenda tena.

Abdia aliona. "Mama Zachary," alisema, "wewe umekuja ya Hamdi ama umekuja ya redio?"

Wanawake wote wakanigeukia. Ningeweza kusema uongo, na pengine ungekuwa uongo mzuri.

"Ya redio," nikasema.

Nilitegemea anifukuze, na ningeondoka bila neno. Aliinuka, akaichukua. Mwanamke mmoja mzee alimwambia kitu kwa Kiorma, kwa ukali, naye akajibu kwa neno moja. Nilinyoosha mikono nimpokee. Hakunipa. Aliiweka kichwani mwenyewe, tukavuka uwanja, yeye mbele mimi nyuma, maji yakitupiga magotini.

Philemon alimuona mlangoni akasimama kama mtoto aliyefanya kosa. Abdia alikaa mahali pake pa kila siku. Redio zikawekwa zikigusana, kitufe kikazungushwa, filimbi ikapita. Mtu wa Malindi alikuwa na sauti nzito. Kijana Zachary Philemon wa Garsen, mguu wa kushoto umekatwa chini ya goti, homa imeshuka, anakula uji.

Nilijua nina furaha, na nilijua aliyekaa karibu yangu ni nani. Nilikaa na vyote viwili, sikuweza kutazama upande wowote. Philemon alifunika uso wake kwa yale makono yake meusi ya moshi.

"Wanasema nini?" Abdia akauliza.

"Wamemkata mguu. Yuko hai. Anakula uji."

"Alhamdulillahi," akasema, na nilijua anamaanisha. Mtu wa Malindi alikuwa akiaga, anasoma namba za masafa ya kesho. Abdia akainama karibu na redio, sikio likigusa mbao. "Na Hamdi yangu? Wamesema wamezika wapi? Huko maji imejaa kila mahali."

"Hawajasema, Mama Hamdi."

"Mzee auliza."

Philemon alipangusa macho. "Hii haiulizi, mama. Hii inasikia tu."

Abdia akaifunga redio yake kwenye nailoni, taratibu, akikunja pembe zote ili maji yasiingie.

"Basi mimi nakuja kesho," alisema. "Pengine kesho watasema."

Alikuja kesho, na keshokutwa, na siku zote mpaka maji yalipoanza kupungua. Nilimfasiria kila neno. Dada wa hospitali alikuwa akiomba klorini, mafuta ya jenereta na chumvi.