Mizinga Minane Kabla ya Moshi

Gari la matangazo lilipoingia mtaa wa Sogea saa kumi jioni, Tabita alikuwa anasonga ugali. Alisikia neno "mbu" tu, akauacha mwiko umesimama ndani ya sufuria, akatoka mbio mpaka barabarani mikono ikiwa na unga.

"Wananchi wa Sogea! Kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Idara ya Afya itapuliza dawa ya kuua mbu mtaani kwenu! Funikeni vyakula na maji! Fungueni milango na madirisha!"

Tabita akapiga vigelegele peke yake katikati ya barabara, na majirani wakachungulia wakidhani kuna harusi. Alikuwa na haki ya kufurahi. Miezi minne mfululizo alikuwa anakwenda ofisi ya mtendaji kila Jumatatu kuomba dawa hiyo. Binti yake Erica alikuwa amelazwa kwa malaria mara mbili ndani ya masika moja, na safari ya pili mtoto alipitisha siku nzima bila kumtambua mama yake. Tena mwaka huo wa 2014 redio haikuacha kutaja homa ya dengue kule Dar es Salaam, na malori ya Dar yalikuwa yanalala Tunduma usiku na mchana yakisubiri kuvuka kwenda Zambia.

"Baba Erica! Wanakuja! Kesho!"

Mumewe, Nathanaeli, alikuwa ameinamia baiskeli yake akibadilisha mnyororo. Alicheka kwa furaha, kisha kicheko kikamkatika. Akatazama nyuma ya nyumba, kule chini ya mikaratusi.

"Na nyuki je, Mama Erica?"

Tabita naye akageuka kutazama huko. Alikuwa na mizinga minane. Aliianza kwa mzinga mmoja, akaongeza kidogo kidogo kwa miaka sita, na kwa miezi minne ya kudai dawa hakuwa amewaza hata mara moja kwamba dawa ya mbu haichagui mdudu.

Alifunga kitenge vizuri akaenda kumtafuta Enesi, bibi afya wa kata, ambaye walikuwa wamezoeana kwa ajili ya zile Jumatatu. Alimkuta uani mwa ofisi akijaribu mashine mpya iliyofungwa nyuma ya pikapu. Ilinguruma kama trekta.

"Dada Enesi, naomba uruke nyumba yangu."

"Wewe? Wewe uliyenisumbua kuliko mtaa mzima?" Enesi alizima mashine. Tabita alipomweleza habari ya nyuki, alitikisa kichwa. "Jirani yako ni Ayoub wa matairi, si ndiyo? Juzi nilichota maji kwenye matairi yake. Kila tairi lina viluwiluwi wa mbu wanaocheza. Nikiruka pale kwako, nimewaachia mbu kambi."

"Nikifunika mizinga kwa magunia mabichi?"

"Kwa mwingine ningesema sawa. Lakini pale kwa Ayoub nitapuliza mpaka ukuta wako usionekane. Siwezi kukuahidi. Wahamishe."

"Kesho?"

"Kesho kabla yangu. Nitaanzia huku juu, nipande na kushuka vichochoro. Nikifika kwa Ayoub sisimami."

Nathanaeli alikuwa na kaka huko Chapwa, nje kidogo ya mji, mwenye shamba lenye miti. Usafiri ukabaki kwa Luhaga, Msukuma mmoja aliyetoka bondeni Momba na kununua guta la pikipiki, lile la mizigo lenye magurudumu matatu. Alikuwa mtu mzima, mrefu, kifua kama mlango, aliyezoea kushika dume la ng'ombe kwa pembe.

"Nyuki?" Luhaga alirudi nyuma hatua mbili. "Dada, nibebeshe simba."

"Watakuwa wamefungiwa."

"Simba pia hufungiwa."

Hata hivyo alikubali. Mke wake, Kabula, alikuwa amelala wodi moja na Erica ule mwezi wa Februari, na Luhaga alikumbuka ni nani aliyekuwa akiwapikia uji wote wawili.

Jua lilipozama na nyuki wote kurudi, Tabita na mumewe waliziba milango ya mizinga kwa vipande vya wavu, wakafunga vifuniko kwa kamba. Saa kumi na moja alfajiri Luhaga alifika amevaa koti la mvua, glavu za kuchomelea na kofia ya pikipiki. Tabita alicheka mpaka akakaa chini. Baridi ya Tunduma ilikuwa kali, na hiyo ilikuwa bahati yao, maana nyuki hawapendi kutoka nje wakati wa baridi. Mizinga minne ya kwanza ilifika Chapwa salama.

Waliporudi kupakia minne ya mwisho, mashine ilikuwa imeshaanza kunguruma upande wa juu wa mtaa. Moshi mweupe ulikuwa unapanda juu ya mabati, na watu walikuwa wanashangilia kana kwamba timu yao imefunga bao. Tabita alitamani mno kukimbilia huko.

"Panda, dada!" Luhaga alipiga kelele ndani ya kofia. "Wanashuka!"

Wakatoka. Barabara kuu ilikuwa imejaa malori pande zote, yameganda kwenye foleni ya mpakani, madereva wanapiga honi kudai njia. Guta lilipenya katikati. Walipofika usawa wa tenka moja refu la mafuta, tairi la nyuma likaingia kwenye shimo, guta likaruka, na kamba ya mzinga wa juu ikakatika. Kifuniko kikasogea.

Nyuki wa kwanza akatoka. Akafuata wa pili. Kisha wakatoka kama maji ya bomba lililopasuka.

"Inshimu! Inshimu!" dereva wa Kizambia alipaza sauti kuwataja nyuki kwa Kibemba, akapandisha kioo. Vioo vikapanda lori baada ya lori. Lakini waliokuwa nyuma hawakuona kitu, wakazidi kupiga honi, na kila honi ilipolia nyuki walizidi kuvuma.

Luhaga alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, macho ameyafumba. "Dada, niko hapa. Sitembei, lakini niko hapa."

"Usitembee! Vizuri hivyo hivyo!"

Tabita alivua kitenge chake cha juu, akakichovya kwenye ndoo ya maji waliyokuwa wameibeba, akasimama juu ya guta. Nyuki mmoja alimchoma kwenye kope, mwingine shingoni. Akainua mikono yote miwili kuelekea kwenye foleni.

"Jamani! Zimeni honi! Nawaomba, zimeni! Kelele zinawatia nyuki hasira!"

Yule dereva wa Kizambia alichukua redio yake ya mawasiliano akasema maneno machache. Honi moja ikanyamaza, halafu tatu, halafu zote. Injini zikaanza kuzimwa, moja baada ya nyingine, mpaka kwenye barabara ile, ambayo hakuna aliyewahi kuijua kimya, zikawa zinasikika pumzi za watu na mvumo wa nyuki tu.

Tabita akatandika kitenge kibichi juu ya mzinga, akasukuma kifuniko polepole. Nyuki waliokuwa nje walizunguka, wakahisi baridi, wakatua kwenye kitambaa wakirundikana. Alifunga kamba upya.

"Tayari. Washa taratibu."

Luhaga alifumbua macho. Malori yakasogea kushoto na kulia kuwapisha, na dereva mmoja akawapungia mkono nyuma ya kioo.

Walishusha minne hiyo Chapwa, wakarudi Sogea saa moja na nusu, Tabita jicho moja limevimba mpaka limefumba, na pikapu ndiyo kwanza inakata kona ya kwa Ayoub. Aliruka kutoka kwenye guta kabla halijasimama.

"Wamehama?" Enesi aliuliza kupitia barakoa.

"Mizinga yote minane!"

"Basi simama mbali utazame!"

Mashine ikanguruma. Moshi ukaingia kwenye uwanja wa matairi, ukajaa, ukapanda ukuta, ukavuka kwenye mikaratusi. Ayoub, amejifunga kitambaa usoni, alikuwa anamwaga maji ya tairi la mwisho, maana Enesi alikuwa amemwambia wazi kwamba dawa huua mbu wanaoruka, na waliomo majini huuawa kwa kumwaga. Tabita alipiga vigelegele tena, na safari hii mtaa mzima ukamwitikia, na Luhaga akavua kofia akacheza hatua mbili za kwao, glavu zingali mikononi.

Wiki mbili baadaye Enesi alipita tena nyumba kwa nyumba. Hakukuta viluwiluwi kwa Ayoub wala kwa majirani sita waliomzunguka. Siku hiyo hiyo mchana Tabita alikwenda Chapwa. Mzinga mmoja alikuta umebaki mtupu, nyuki wamehamia kusikojulikana. Aliufagia, akaupaka nta mpya, akauacha wazi kungojea kundi jingine. Kisha akakaa kwenye nyasi kuitazama mizinga saba iliyobaki, nyuki wakiingia na kutoka na chavua ya njano miguuni, jua likimchoma mgongo, naye hana haraka ya kwenda popote.