Folda Aliyoifungua Kahin

Kahin alifariki barabarani akirudi kutoka Biliqo, ambako alikuwa ameenda kukagua pampu ya kisima. Programu aliyoiandika ilikuwa ikiwatumia wafugaji ujumbe kwa simu kila pampu ilipoharibika, wasije wakaswaga mifugo hadi kwenye kisima kikavu. Shirika lake lilimwita dadake mdogo, Luul, aendeleze kazi. Ni Kahin aliyemfundisha kuandika programu.

Kufika kazini, akakuta wafugaji wa kijiji cha Korbesa hawapati tena ujumbe.

"Makao makuu Nairobi wamekuruhusu kusoma folda moja tu, ile ya visima," Mungania, meneja wa ofisi ya Isiolo, alimwambia. "Kuandika hapana. Zile zingine zimefungwa."

Shirika lilihifadhi programu zake kwenye seva ya zamani ya Subversion, mfumo unaotunza kila badiliko la programu. Luul alizoea Git, mfumo mpya zaidi wa kazi hiyo hiyo, na Git huweza kuchota kazi kutoka Subversion pamoja na historia yake yote: nani aliandika nini, na lini. Hiyo historia ndiyo aliyoitaka kuliko kitu kingine.

Alipojaribu, seva ilimkataa. Git ilikuwa ikipanda kwanza hadi juu kabisa, kwenye mzizi wa hazina nzima, folda inayobeba nyingine zote, na huko hakuruhusiwa. Akaiagiza isipande, ibaki ndani ya folda yake. Ikakubali. Luul akasogea karibu na skrini akingoja jina la kaka yake.

Historia ilianza na rekodi ya Mungania: "Nimehamisha folda." Programu yote, kila mstari, ilionekana kama yake. Miaka ya Kahin ilikuwa imebaki kwenye folda ya zamani, iliyofungwa.

"Mimi nilihamisha tu, Luul," Mungania alisema. "Sikuandika kitu. Nimewaomba Nairobi waifungue ile ya zamani, wamekataa."

"Najua si wewe."

Hitilafu aliipata siku hiyo hiyo: namba mpya za simu za Korbesa zilikuwa zikirukwa. Akarekebisha, akampa Mungania aipandishe kwenye seva, maana yeye hakuruhusiwa kuandika huko.

"Hii nayo itaandikwa jina langu," Mungania alisema kwa aibu.

"Weka tu. Watu wa Korbesa wanangoja."

Jioni nyumbani, mama yao, Fahmo, aliketi kando ya Luul mkekani. Hakusoma shule, lakini jina la mwanawe alilijua kwa macho.

"Nionyeshe mahali Kahin aliandika."

Luul akamweleza. Fahmo alipitisha kidole kwenye skrini, juu hadi chini, kisha akarudia.

"Kwa hivyo hapa hayuko."

"Hayuko, hooyo, mama yangu."

"Si wewe unajua kuandika? Mwandike."

Git iliruhusu kuweka jina la mwandishi yeyote. Luul akaongeza rekodi moja: mwandishi, Kahin; ujumbe, "Programu ya visima." Akakosea jina, akalifuta, akaliandika upya. Mamake alipoliona aliligusa, midomo ikitembea bila sauti.

"Sasa na wao wa Nairobi wataona?"

Luul angeweza kumdanganya. "Hapana, hooyo. Iko kwangu tu. Kule haiwezi kufika; Mungania akiipandisha, itaandikwa jina lake."

Fahmo alilitazama lile jina mpaka skrini ikajizima, akamwomba binti yake aiwashe tena.