Kura Moja ya Tolliver

Gongo la besiboli likikupiga mbavuni halilii kama kwenye sinema. Linalia kama ukuni mkavu, kisha pumzi yako inaondoka bila kuaga. Nilijifunza hilo Jumamosi moja ya Novemba 2020, na mbavu zangu tatu ni mashahidi. Haya, mbili.

Nilikuwa nimestaafu kupakia mizigo uwanja wa ndege huku Marekani, nikahama Euless na kununua nyumba ya mbao Tolliver, mwendo wa saa moja na nusu kusini mwa Mansfield. Ni mji mdogo hata mbwa akipiga chafya, mchungaji anamwombea. Na Tolliver hupigia kura upande mmoja. Sisemi wengi wao, nasema wote. Jirani yangu Royce huapa kwamba hata ng'ombe wake wangepewa kalamu wangechagua hivyo hivyo.

Safari hii matokeo ya kituo chetu yalibandikwa mlangoni pa duka la chakula cha mifugo: 311 kwa 1.

Moja! Nani?

Hawakuhitaji polisi. Kati yetu sote tuliopiga kura, mweusi alikuwa mmoja: mimi. Ijumaa asubuhi nilikuta tairi zangu nne zimechanwa. Jioni Royce akasimama uani kwangu.

"Eli, mwenye kura ile hakai Tolliver. Nikijua ni wewe, nyumba hii naichoma, na sitauliza kama umo ndani."

Nikacheka. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. La pili lilikuwa mbuzi.

Kwetu Upareni, nyumbani kwa baba yangu, jambo la kwanza la mtu halikupita bila kuchinja. Nami, mzee wa miaka sabini na moja, nilikuwa nimepiga kura yangu ya kwanza nikiwa raia wa Marekani. Wageni nilishawaalika wiki mbili kabla. Jumamosi wakaja kutoka Mansfield kwa magari sita, wahamiaji wenzangu, wote wauguzi na barakoa zao, mbele yao Kiplagat, Mkalenjin anayemnyanyua mgonjwa wa kilo mia na hamsini kama mto wa kulalia.

Nikamlaza mbuzi, nikapitisha kisu. Damu iliporuka, akina mama wakapiga vigelegele. Na dakika ileile, Mungu shahidi, televisheni zote za Tolliver zilikuwa zinatangaza kwamba upande wa Tolliver umeshindwa.

Pikapu ya Royce haikutafuta geti. Ilipita katikati ya ua wa mbao, ikashusha wanaume wanne na magongo.

"Mnatuchinjia sherehe?" Royce alifoka.

Kioo cha gari la kwanza kilipasuka, kisha cha pili. Mmoja wao akalipiga teke jiko, makaa mekundu yakamrukia Kiplagat shingoni. Kiplagat alimshika mtu yule mkanda na kola, akamtupa juu ya boneti ya pikapu. Hakuamka mpaka nilipomaliza kuzeeka. Mwingine alimvuta muuguzi nywele. Akaondoka na wigi mkononi na meno mawili pungufu. Mimi nilikuwa nainama kutafuta kisu Royce aliponifikia mbavuni.

Nilipofumbua macho, alikuwa anamwaga petroli barazani kwangu. Kibiriti cha gesi mkono wa kushoto, gongo mkono wa kulia.

"Royce!" nikapiga kelele. "Kura ile si yangu! Mimi nilipiga kama nyinyi!"

Waliokuwa wanakabana koo waliachiana.

"Unasema nini, mzee?" Kiplagat aliuliza. Oktoba nzima alikuwa ananipigia simu kunikumbusha niupigie kura upande wetu sisi wahamiaji, nami naitikia ndiyo, mwanangu, ndiyo.

"Muongo," Royce akasema, akawasha kibiriti.

"Si muongo." Sauti ilitoka kwenye pengo la ua. Alikuwa Loretta, mke wake, na aproni yake. "Kura ile ni yangu, Royce. Na miaka minne iliyopita nilitaka, nikaogopa."

Royce aliachia kitufe cha kibiriti, moto ukazimika, akamwendea mkewe na gongo limeinuliwa. Halikushuka. Kiplagat alimdaka kifundo cha mkono, akakikunja upande ambao hakikuumbwa kukunjwa. Sote tulisikia mfupa, na wenzake waliobaki na miguu wakatoka mbio.

"Nipelekeni Mansfield kwa dada yangu," Loretta alisema, akaingia garini kwa wauguzi kama aliyekuwa amefunga mizigo tangu utotoni.

Kiplagat akanigeukia, shingo imebabuka. "Mzee Elirehema. Ni kweli?"

Maisha yangu yote nimedanganya bure, bila kuombwa. Safari hii nilikuwa na sababu ya kudanganya, lakini Royce alikuwa chini pale, anasikiliza, na kibiriti hakikuwa mbali na mkono wake mzima.

"Kweli. Nitazikwa hapa, mwanangu. Mtu hapigi kura kinyume cha watakaobeba jeneza lake."

"Basi wakubebe leo," akasema. Mzee hapigwi, kwa hiyo alimpiga teke mbuzi wangu akamtumbukiza vumbini. Wageni wangu wote wakaondoka, upepo ukiwapiga kupitia madirisha yasiyo na vioo. Hakuna aliyenipigia simu tena.

Nyumba ilibaki imesimama, inanuka petroli.

"Eli," Royce akaguna, "kweli ulipiga kama sisi?"

"Nilipiga."

"Basi nisaidie kuinuka, jirani."

Nikamsaidia. Ila kwanza niliukanyaga mkono ule uliovunjika, polepole, mpaka akamwita mama yake.