Majani ya Bahari Kwenye Nyonga ya Rusi

Rusi alikuwa anamenya mihogo nyuma ya nyumba yake, mjini Bwera, Uganda, mguu wake wa kulia ulipojikunja pale pasipo na goti. Akautazama, akaunyoosha kwa mikono miwili kama mtu anayenyoosha shuka, akaendelea kumenya. Haukuuma. Hilo ndilo lililomtia hofu, maana tangu siku zake za mwezi zikome, hakuna kiungo chake kilichowahi kunyamaza hivyo.

Alikuwa anakunywa unga wa majani ya bahari, ule ambao binti yake Immy aliuuza kwenye soko la Mpondwe. Immy aliwaambia wanawake wa rika la mama yake kwamba hedhi ikikoma mifupa hukonda, na hapo hakudanganya. Alidanganya aliposema unga unatosha, vidonge vya hospitali waviache.

Kopo lilisema kijiko kimoja kwa maji. Lakini wanawake walikaa wakafikiri, wakaona jani lililokulia baharini haliwezi kuishi ndani ya mtu bila chumvi. Wakaongeza chumvi ya ziwa Katwe, konzi nzima kwa kikombe. Immy hakuwakataza. Alianza kuuza na chumvi.

Medius, mama jirani yake Rusi na rafiki yake toka utotoni, alikuwa amevunjika mkono kwa kusukuma mlango tu. Vidonge alivyopewa hospitali aliwamwagia kuku wake, yeye akashika unga. Toka hapo mayai yao yalipasuliwa kwa nyundo, na aliyekwenda kununua alikwenda na nyundo yake. Hakuna aliyeuliza zaidi. Na kanisani, mto Lhubiriha ukijaa, akina mama wa unga waliinama wote pamoja upande wa mto, wakayumba, wakarudi. Katekista aliwasifu kwa kuimba na mwili mzima.

Ijumaa hiyo Medius angebeba gunia la mihogo mbele ya soko lote, mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso kama wanawake wa milimani wanavyobeba, ili watu waone nguvu za unga. Rusi alimsihi asibebe. Medius alimcheka, akamwambia wivu ndio unaomzeesha, si umri. Rusi akaona maneno matupu hayatamshika. Ijumaa yenyewe akapanda gari alfajiri, akaenda hospitali ya Kasese kupigwa picha ya mifupa.

Alimweleza daktari juu ya unga na chumvi, na daktari akaiinua picha dirishani. Kwenye nyonga hapakuwa na mfupa. Palikuwa na majani marefu, membamba, yakiyumba polepole ndani ya picha.

"Mama, hapa haiko mufupa," alisema. "Iko majani. Mizigo uache kabisa. Na hiyo chumvi, nani aliwaambia?"

"Tulijiambia sisi wenyewe."

Daktari akampa vidonge, akamwambia ale mukene, wale samaki wadogo, na miiba yao, apate na maziwa, na amlete kila mwanamke anayeyumba. Rusi akasema watajaza hospitali. Daktari akasema basi aanze na mmoja.

Gari la kurudi lilisimama Kikorongo, mbugani, kungoja tembo wavuke barabara. Tembo hawakuwa na haraka. Rusi aliishika picha kifuani, akihesabu watoto wa Medius waliobaki nyumbani, nani angewapikia mama yao akilala kitandani asiinuke tena.

Alipofika sokoni Medius alikuwa amechuchumaa tayari, gunia mgongoni. Rusi alipita katikati ya watu, akampa Immy picha.

"Hii ni nyonga yangu," alisema. "Mimi niliyekuzaa. Mwambie Medius aweke chini."

Immy aliitazama sana. Akaweka chini kopo alilokuwa ameshika, na Rusi akadhani yamekwisha. Kisha binti akachukua vibanio vya nguo, akaitundika picha mbele ya kibanda, jua likipita nyuma yake.

"Wamama, mutazame," alisema. "Dawa zingine zinapita tu na mukojo. Hii inaingia mupaka kwa mufupa, inakaa. Hii ni ya mama yangu mwenyewe."

Watu wakasogea. Waliyaona majani yakiyumba, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Medius naye akainuka na gunia. Mgongo wake ulianza kupinda, taratibu, bila kishindo, mpaka paji la uso likagusa miguu yake, na gunia bado liko juu. Kutoka chini huko akasema haumwi popote. Watu wakapiga makofi. Mikono ikanyooshwa kuomba makopo.

Rusi akaingia chini ya gunia, akalisukuma juu kwa mabega.

"Medius, toa kamba."

"Si nimekwambia haiumi? Wewe wacha watu wanunue."

Rusi hakuacha kusukuma. Aliita mtu amsaidie, akamwita na Immy kwa jina lake la ubatizo. Immy alikuwa anafunga makopo kwenye mifuko, mawili mawili, na hakuinua macho.

"Mama, sogea huko," alisema. "Unaziba picha."