Midomo ya Ukuta wa Posta

Ofisi ya jiji ilimpa mchoraji ukuta mrefu wa posta, achore siku ile wanawake walipofunga daraja na utawala wa kijeshi ukang'oka. Kwake hicho hakikuwa kibarua tu. Shangazi yake, mshonaji aliyemlea, alikuwa mstari wa mbele. Akamchora katikati ya wenzake wenye mabango, mdomo wazi, mishipa ya shingo imemsimama.

Katibu wa kamati ya maadhimisho akaja, akashika kiuno. "Dada, mbona wote wanapiga kelele? Hii ni sherehe."

"Siku ile walipiga kelele, kaka. Hawakuwa wanakwenda arusini."

"Mgeni rasmi hapendi shari."

Mchoraji akapunguza mishipa. Katibu akarudi: mabango yafutwe. Akayafuta huku akisonya. Akarudi tena: midomo ibadilishwe, watabasamu. Hapo mchoraji akashuka ngazi.

"Hiyo sibadilishi."

"Sawa," katibu akajibu kwa upole uliouma kuliko tusi. "Mafundi hawajaisha."

Kesho yake mchoraji alimkuta mwandika vibao vya maduka juu ya ngazi, akizipaka meno meupe zile nyuso alizozihangaikia.

"Usinilaumu, dada. Nami natafuta riziki."

Siku ya sherehe, shangazi alikuja na gauni jipya alilojishonea. Akautazama ukuta.

"Yule ni nani?"

"Ni wewe, shangazi."

"Mimi? Mbona kama nauza dawa ya meno?"

Mchoraji akacheka bila kupenda. Akamsimulia habari ya katibu na midomo, akitarajia kupozwa.

"Na mabango nayo alifuta fundi wao?"

"Hayo nilifuta mimi."

"Mwenzangu aliyeshika bango la mbele hakurudi kwao siku ile. Ungeniuliza kwanza, mwanangu."

Kabla mchoraji hajajibu, mshereheshaji alimwita jukwaani. Akapanda kwa hasira, akashika kipaza sauti. "Ukuta huu si wangu..."

"Ni wetu sote!" mshereheshaji akadakia. Vigelegele vikalipuka, bendi ikaanza kupiga. Alipojaribu kuendelea, hata yeye hakuisikia sauti yake.

Aliposhuka, shangazi hakuwepo. Alimkuta kituo cha basi, amevua viatu, anajikanda miguu.

"Niambie jina la huyo mwenzako, shangazi."

"Leo sitaki," akasema, akaangalia upande basi linakotokea.